Gari la Kweli na Gari la Kuigiza: Jinsi ya Kusoma Namba, Karatasi na Thamani



Somo letu la safari hii linahusu motokaa. Tutazungumzia yale magari ya nguvu yaliyotengenezwa Marekani tangu mwaka 1964 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo magari hayo yamekuwa mali ya kuwekwa, kama dhahabu au shamba. Mengine huuzwa mnadani kwa mamilioni ya dola. Na penye fedha nyingi hapakosi mdanganyifu.

Pengine msomaji atauliza: mambo hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, ushahidi unaotofautisha gari la kweli na la kuigiza haukuwekwa na matajiri wenye viwanda ili uwasaidie wanunuzi wa baadaye. Uliachwa na mikono ya wafanyakazi: aliyegonga namba kwenye chuma, aliyepigilia kibati, aliyesoma karatasi ya kazi kisha akaisukuma ndani ya springi za kiti. Pili, njia ya kuchunguza gari hilo ndiyo njia ya kuchunguza gari lolote lililotumika. Mfanyakazi anayetoa akiba ya miaka kumi ili anunue gari anahitaji kuijua.

1. Magari haya ni yapi?

Gari la nguvu lilikuwa gari la kawaida la ukubwa wa kati lililotiwa injini kubwa ya silinda 8, likauzwa kwa bei ambayo kijana mwenye mshahara aliweza kuifikia. Wengi huanza kuhesabu kutoka Pontiac GTO ya mwaka 1964. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kanuni ya ndani kwamba magari ya ukubwa huo yasitiwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac, wakiongozwa na John DeLorean, walikwepa kanuni hiyo. Hawakusema wametengeneza gari jipya. Waliiita GTO nyongeza ya hiari juu ya gari la Tempest LeMans, na ndani ya nyongeza hiyo wakaingiza injini ya inchi 389. Mnunuzi alilipa karibu dola 296 zaidi, akapata gari la mbio. Mwaka huo zikauzwa 32,450.

Baada ya hapo kila kampuni ilitoa lake: Chevrolet wakatoa Chevelle SS na Camaro Z/28, Plymouth wakatoa 'Cuda, Dodge wakatoa Charger na Challenger, Ford wakatoa Mustang za namna mbalimbali. Kisha gharama za bima zikapanda, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikabana moshi, na mwaka 1973 mafuta yakapanda bei. Zama hizo zikaisha. Kwa kuwa zilikuwa fupi, magari yaliyobaki ni machache.

2. Udanganyifu unaingilia wapi?

Shikeni neno hili: nyongeza ya hiari. Ndilo mlango wa udanganyifu.

Kwa kuwa GTO ya 1964 na ya 1965 ilihesabiwa kuwa LeMans yenye nyongeza, namba yake ya utambulisho ni namba ya LeMans tu. Haisemi GTO. Mwaka 1966 GTO ikapewa namba za modeli yake yenyewe, zinazoanza na 242. Mwaka 1972 ikarudishwa kuwa nyongeza. Basi mtu akipata LeMans ya kawaida ya 1965, akaitia alama za GTO, boneti ya GTO na injini ya 389, namba haitamsuta.

Vivyo hivyo Camaro Z/28 ya mwaka 1969. Namba yake inasema Camaro yenye silinda 8, basi. Camaro iliyotoka kiwandani na injini ndogo inaweza kuchorwa mistari miwili mipana juu ya boneti, ikatiwa alama za Z/28, ikaitwa Z/28.

Tuseme pia haki ya upande wa pili. Kuigiza gari si kosa. Mtu akitengeneza gari la mfano wa Z/28 kwa kupenda kwake, akaliuza akisema wazi kwamba ni la mfano, hakumdhulumu mtu. Dhuluma ni kuuza la mfano kwa bei ya la asili.

3. Shahidi wa kwanza: namba ya utambulisho

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 sheria ya Marekani ilitaka namba hii ionekane kutoka nje, kupitia kioo cha mbele. Iko kwenye kibati juu ya dashibodi, upande wa dereva. Magari ya zamani zaidi huwa nayo penginepo, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango. Namba za siku hizi zina herufi na tarakimu 17, lakini utaratibu huo ulianza na magari ya mwaka 1981. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na lugha yake.

Chukua namba ya Camaro inayoanza 124379N. Tarakimu 1 ni Chevrolet. 24 ni Camaro ya silinda 8. Ingekuwa 23 ingekuwa ya silinda 6. 37 ni gari la milango miwili lenye paa la chuma. 9 ni mwaka 1969. N ni kiwanda cha Norwood, jimbo la Ohio. L ingekuwa Van Nuys, California. Zinazofuata ni namba za mfululizo. Injini haikutajwa, kwa maana mpaka mwaka 1971 namba za Chevrolet hazikutaja injini. Herufi ya injini ilianza kuingizwa mwaka 1972.

Plymouth na Dodge walifanya tofauti. Namba ya 'Cuda ya mwaka 1970 inaweza kuanza BS23R0B. B ni Barracuda, S ni daraja la 'Cuda, 23 ni paa la chuma. R ni injini ya Hemi ya inchi 426 yenye nguvu za farasi 425. 0 ni mwaka 1970, na B ya mwisho ni kiwanda cha Hamtramck, karibu na Detroit. Hapa herufi moja, ya tano, ndiyo inayobeba thamani yote. Ford nao walitaja injini: Mustang ya 1969 yenye namba inayoanza 9F02Z ni Boss 429, iliyotoka Dearborn.

Kibati chenyewe kichunguzwe. General Motors walikipigilia kwa ribiti zenye kichwa cha umbo la ua la petali sita. Ukiona ribiti za kawaida za dukani, au mikwaruzo pembeni, au gundi, simama hapo. Kisha linganisha kibati na namba zilizogongwa kwenye bodi. Plymouth na Dodge waligonga sehemu ya namba kwenye chuma kinachoshika rejeta na kwenye ukingo wa buti. Kama kibati kinasema moja na bodi inasema nyingine, huenda kibati kimetolewa kwenye gari lililokufa kikapachikwa kwenye bodi ya gari jingine.

4. Shahidi wa pili: injini

Bloku ya injini hubeba habari za namna tatu, wala tusizichanganye.

Ya kwanza ni namba ya kusubia. Hiyo imeinuka juu ya chuma, kwa sababu ilikuwa ndani ya kalibu wakati chuma kilipomiminwa. Inaonyesha aina ya bloku. Bloku nyingi sana zilikuwa na namba hiyohiyo moja, kwa hiyo peke yake haithibitishi lolote kuhusu gari lako.

Ya pili ni tarehe ya kusubia. Kwa Chevrolet, A ni Januari, B ni Februari, mpaka L ambayo ni Desemba. Basi C 14 9 ni tarehe 14 Machi 1969.

Ya tatu imegongwa kwa nyundo na chapa. Katika injini za silinda 8 za Chevrolet iko kwenye kijukwaa kidogo mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria. Mfano: V0110DZ. V ni kiwanda cha injini cha Flint. T ingekuwa Tonawanda. 0110 ni tarehe 10 Januari, siku injini ilipounganishwa. DZ ndiyo alama ya injini ya inchi 302 ya Z/28 ya mwaka 1969. Kwenye injini za mwaka 1968 na baada yake utakuta hapo au karibu na hapo sehemu ya namba ya gari lenyewe, mathalani 19N na mfululizo wake. Mfululizo huo ukilingana na kibati cha dashibodi, ndipo unaposema injini hii ilizaliwa na gari hili.

Hapa wanunuzi wengi huangukia shimoni. Muuzaji anasema: "Namba zinaoana." Zinaoana na nini? Pengine ana maana kwamba bloku ni ya aina iliyotumika mwaka ule. Hiyo ni injini ya aina sahihi, wala siyo injini iliyotoka kiwandani ndani ya gari hilo. Tofauti ya maneno hayo mawili ni fedha nyingi. Mwulize akujibu waziwazi, na jibu liandikwe.

Tena tazama uso wa kile kijukwaa. Mashine ya kiwandani iliyosawazisha uso wa bloku iliacha mistari myembamba iliyonyooka, na kijukwaa kilipitiwa na mashine hiyohiyo. Namba ziligongwa juu ya mistari hiyo. Anayefuta namba kwa tupa au msasa ili agonge nyingine hufuta na mistari. Uso unaong'aa kama kioo, au wenye mikwaruzo ya kuzunguka, ni wa kutiliwa shaka. Lakini tusihukumu kwa ishara moja. Injini iliyowahi kukarabatiwa kwa halali huenda ilichongwa upya uso wake, namba zikapotea bila nia mbaya. Kukosa namba ni jambo moja, kuwa na namba ya uongo ni jambo jingine.

5. Shahidi wa tatu: vibati na karatasi

Kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na abiria, Camaro ina kibati cha bodi. Kinaonyesha rangi, aina ya viti, na juma la kazi: 02C ni juma la tatu la Februari. Kiwanda cha Norwood, kuanzia mwishoni mwa 1968, kiliongeza alama ya X, kama X33 au X77 kwa magari ya Z/28. Van Nuys hawakuweka alama hiyo. Kwa hiyo gari la Van Nuys lisilo na X halina kosa, na gari la Van Nuys lenye X lina maswali ya kujibu.

Kisha kuna karatasi ya kazi. Kila gari lilipokuwa likipita kwenye mstari, wafanyakazi walihitaji kujua liwekwe nini: giaboksi gani, ekseli gani, viti vya rangi gani. Habari hizo zilichapwa kwenye karatasi. Karatasi ikishasomwa haikuwa na kazi tena. Mfanyakazi aliisukuma kwenye springi za kiti, chini ya zulia, au ikabaki juu ya tangi la petroli. Leo mwenye gari akiifungua viti akaikuta, imechakaa na kuliwa na panya, moyo wake hufurahi kuliko akiokota noti. Karatasi iliyotupwa kama takataka imekuwa hati.

Hata hivyo, soma namba iliyoandikwa juu yake. Mstari ulikwenda kwa kasi, na mara nyingi karatasi ya gari moja iliishia ndani ya kiti cha gari jingine. Karatasi mpya za uongo nazo huchapwa, zikapakwa chai zionekane kuukuu.

Hati nyingine ni ankara ya kiwanda, karatasi ya bei iliyobandikwa dirishani, risiti za wakala, na kwa Chevrolet bati dogo la dhamana lililowekwa kwenye kitabu cha mwenye gari. Kwa Pontiac, nakala za ankara za kiwanda zilitunzwa na zinaweza kuombwa. Hizo ndizo zinazomaliza ubishi wa GTO ya 1964 na 1965. Kwa Ford, kumbukumbu za uzalishaji kuanzia 1967 zimehifadhiwa. Kwa Chevrolet ni vigumu zaidi, isipokuwa magari yaliyouzwa Kanada, ambayo kumbukumbu zake zilitunzwa na kampuni ya huko.

6. Shahidi wa nne: kalenda ya kiwanda

Tarehe zote lazima zifuatane kama mambo yanavyofuatana kazini. Bloku husubiwa kwanza. Halafu injini huunganishwa. Halafu huingizwa kwenye gari. Bloku iliyosubiwa tarehe 14 Machi haiwezi kuwa ndani ya gari lililokamilika Februari ya mwaka huohuo. Mdanganyifu hukumbuka namba akasahau kalenda.

Fikirini pia mambo yasiyowezekana. Z/28 zote za 1969 zilikuwa na gia za mkono za kasi nne na breki za diski mbele. Hakukuwa na ya gia za kujibadili zenyewe, wala ya paa la kukunja, wala ya kipoza hewa cha kiwandani. Atakayekuletea ya namna hiyo amekuletea hadithi.

Kuna na jambo ambalo wanachama hawatalikuta katika vitabu vingi vya wanunuzi. Mwaka 1972, wafanyakazi wa Norwood, wanachama wa UAW, waligoma kwa siku 174, kuanzia Aprili mpaka Septemba. Ugomvi ulikuwa juu ya kasi na masharti ya kazi. Magari zaidi ya elfu moja yalibaki kwenye mstari bila kumalizika. Mgomo ulipokwisha hayakuweza kutimiza kanuni mpya za bampa za 1973, yakaharibiwa. Basi Camaro yenye kibati cha Norwood kinachosema Juni, Julai au Agosti 1972 imetengenezwa na nani? Siku hizo mikono yote ilikuwa nje ya geti. Mgomo wenyewe umekuwa shahidi.

Hamtramck nako, kwenye kiwanda kilichotoa Hemi 'Cuda, ndiko mwaka 1968 wafanyakazi weusi walikounda kundi la DRUM kupinga kasi ya mstari na ubaguzi wa mnyapara. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980, na Norwood mwaka 1987. Majengo hayapo, lakini namba zilizogongwa humo bado zinasomwa.

7. Thamani inatoka wapi?

Thamani ina miguu minne: uhalisi, uchache, hali ya gari, na hamu ya wanunuzi.

Uchache peke yake hautoshi. Lazima kuwe na watu wanaolitaka gari hilo. Mwaka 1970 zilitengenezwa Hemi 'Cuda 652 za paa la chuma na 14 tu za paa la kukunja. Mwaka 1971 za paa la kukunja hazikufika ishirini, na moja kati ya hizo iliuzwa mnadani Seattle mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5. Kinyume chake, Z/28 za mwaka 1969 zilikuwa 20,302. Zinapendwa, lakini si adimu kiasi hicho.

Ondoa injini ya asili, bei inashuka. Ondoa karatasi, inashuka tena. Bodi yenye kutu iliyofunikwa kwa putiti ni gharama inayokusubiri: pita na sumaku ndogo iliyovikwa kitambaa, mahali isiposhika, chini ya rangi hakuna chuma. Wala rangi mpya isikupumbaze. Gari lenye rangi yake ya kiwandani, hata ikiwa imepauka, huweza kuwa na thamani kuliko lililong'arishwa, kwa sababu halijapata nafasi ya kuficha kitu.

Usitumie bei anayoitaka muuzaji kuwa kipimo. Kipimo ni bei ambayo magari ya namna hiyohiyo, yenye hati za namna hiyohiyo, yameuzwa hasa.

8. Kabla ya kutoa fedha

Kwanza, piga picha za namba zote, uzisome nyumbani kwa utulivu. Pili, mlipe fundi asiyejuana na muuzaji. Tatu, andika katika mkataba maneno kamili: injini ni ya asili ya gari hili, au si ya asili. Nne, usikubali haraka. Anayesema mnunuzi mwingine yuko njiani mara nyingi anakuogopesha tu. Tano, kumbuka kwamba kufuta au kubadili namba ya utambulisho ni kosa la jinai Marekani. Gari lenye namba iliyochezewa linaweza kuchukuliwa na serikali, na mnunuzi asiye na hatia akabaki na funguo mkononi.

9. Somo kwetu

Katika nchi zetu za bara, magari mengi tunayonunua yametumika Japani, yakashushwa Mombasa au Dar es Salaam. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halina namba ya tarakimu 17. Lina namba ya chesesi: alama ya modeli, kistari, kisha mfululizo. Lakini maswali ni yaleyale. Je, namba iliyogongwa kwenye chuma ni ileile ya kibati? Ni ileile ya hati ya kusafirishia kutoka Japani? Ni ileile ya kadi ya gari? Namba ya injini je? Zikitofautiana, akiba yako iko hatarini, hata gari likiwaka kwa mguso mmoja.

Tumalizie hapa. Mfanyakazi wa Flint aliyegonga V0110DZ hakujua kwamba miaka hamsini baadaye watu wangeinama na tochi kuisoma alama yake. Alilipwa kwa saa, akaenda nyumbani. Lakini aliigonga sawasawa, na kwa hiyo leo mwongo anashindwa. Kazi iliyofanywa kwa uaminifu hutoa ushahidi hata baada ya kiwanda kufungwa.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Kwa nini namba ya GTO ya 1965 haiwezi kuthibitisha kwamba ni GTO?
2. Kuna tofauti gani kati ya injini ya aina sahihi na injini ya asili?
3. Gari lina bloku ya tarehe F 20 9 na kibati cha bodi cha 05B cha mwaka 1969. Mtasema nini?
4. Mwanachama anataka kununua gari ambalo namba ya chesesi haifanani na ya kadi. Muuzaji anasema ni makosa ya karani tu. Tawi limshauri nini?